Nusu ya Kushoto

Nilianza na jengo letu, bloku namba kumi na nne,
mtaa wa Druzhba, mjini Ruse: zege tupu, ghorofa nane,
balkoni ya Penka na pilipili zake zilizotungwa uzini,
balkoni ya marehemu Dechko iliyozibwa kwa bati.
Nilisimama kituo cha basi, saa moja asubuhi,
kabla jua halijachagua upande.

Nyumbani, kwenye kompyuta aliyoniachia mpwa wangu,
niliipasua picha katikati kama tikiti.
Nusu ya kulia nikaitupa.
Nusu ya kushoto nikaizidisha, nikaigeuza,
nikaishonea ubavuni pa mwenziwe,
na bloku letu likawa kasri.
Penka wawili wakikung'uta mazulia mawili.
Mbwa aliyekuwa akipita katikati
akapata vichwa viwili, akakosa mkia.

Sikuweza kuacha tena.
Duka la mkate. Karakana ya mabasi. Ngazi za posta.
Mpopla ulioinamia Danubi, tawi lake limevunjwa na theluji:
nikiukunja, unaota pembe za kulungu.
Wingu la kawaida, la Jumanne, likawa nondo.
Miaka thelathini na moja nilipima sukari kiwandani,
chembe huku, chembe kule, hadi ulimi wa mizani utulie.
Labda ndiyo sababu. Labda ni mengine.

Stoimen alikuwa akitazama kutoka kitini.
Tangu Januari, mshipa ulipopasuka kichwani mwake,
shavu lake la kulia limeshuka
kama pazia lililochomoka kulabu tatu.
"Na mimi," alisema. "Nitengeneze."
Maneno yake siku hizi hutoka
yamevaa viatu visivyo saizi yao.

Nilisema taa mbovu. Nilisema kesho.
Machi mosi nikamfunga kifundoni uzi mwekundu na mweupe,
kama afanyavyo kila mtu hapa akingoja miti ichipue,
nikamkalisha karibu na dirisha, nikapiga.

Mkono una mazoea kuliko akili:
ukahifadhi nusu ya kushoto.
Nilisahau kwamba kushoto kwa picha ni kulia kwa mtu.
Akatokea mzee aliyeshuka pande zote mbili,
macho kama ya mbwa aliyeambiwa abaki.
Stoimen akamtazama kwa muda.
"Baba," akasema.
"Baba, mwaka ule wa mwisho."

Nikafuta haraka, nikachukua nusu ile nzima.
Akatokea bwana nadhifu, midomo imenyooka,
paji la uso kama meza iliyokwisha futwa.
Nimeolewa miaka arobaini na minne;
huyu sijawahi kumpikia.
"Huyu," alisema Stoimen, "anauza bima,"
akacheka kicheko chake cha sasa,
upande mmoja ukipanda ghorofani,
mwingine ukibaki mlangoni.

Usiku usingizi ulinipita.
Nikafungua pipa la taka la kompyuta,
nikaanza kuzitazama nusu za kulia, moja moja:
nusu ya duka la mkate, kumbe kulikuwa na foleni,
nusu ya mpopla, kumbe kulikuwa na kiota,
na ile ya kwanza kabisa, ya bloku.

Ghorofa ya tano, dirisha la pili kutoka pembeni.
Letu.
Sikuwa nimewaza kwamba tunaishi upande ule.
Taa inawaka. Kuna mtu amesimama kwenye kioo,
ameegemea fremu kwa bega la kulia,
na mkono wa kushoto, ule mzima, ameuinua juu
kwa mwanamke aliye kituoni
aliyeficha jicho nyuma ya kamera.